SOMO LA UFUNDI: GIA ZA JUA NA SAYARI

Ndani ya giaboksi ya otomatiki meno ya gia hushikana daima. Katikati ipo gia ya jua. Gia tatu za sayari huizunguka, zimeshikwa na fremu moja. Nje ipo pete yenye meno upande wa ndani.

Kazi yote ni kujua ipi imezuiwa. Tuseme jua lina meno 30, pete 60. Bendi ikizuia pete, injini ikazungusha jua mara 3, fremu huzunguka mara 1: nguvu nyingi, mwendo mdogo. Ikizuiwa fremu, pete huzunguka kinyume, ndiyo rivasi.

Bendi na klachi hubanwa kwa mafuta, na pampu yake huendeshwa na injini. Madereva, sikilizeni hapa! Gari lililozimika likivutwa huku magurudumu yanayosukuma yako chini, sayari huzunguka bila mafuta, zikaungua. Mwenzetu mmoja aliamriwa avute gari hivyo, kisha akakatwa mshahara eti ameendesha vibaya. Tulifungua giaboksi mbele ya meneja: sayari nyeusi, klachi nzima. Fedha zake alirudishiwa.