Ndege Inapodanganywa Njia

Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba mawimbi ya GPS yalivurugwa katika Kivu ya Kaskazini, hata ndege za misaada zikaguswa. Jambo hili si la mbali. Ndege inayotafuta Rughenda au Mavivi yapita kwenye milima na ukungu. Basi, rubani atajua namna gani kama anadanganywa?

1. Kazi ya GPS. Satelaiti zake ziko juu karibu km 20 000. Kila moja yatangaza saa yake kwa radio. Chombo cha ndege chapima muda ambao wimbi limetumia njiani, ndipo chapata umbali. Satelaiti 4 zatosha kuonyesha mahali. Lakini kosa la sehemu 1 ya milioni ya sekunde ni mita 300!

2. Udhaifu wake. Wimbi likifika kwetu ni dhaifu sana. Mtambo mdogo wa karibu waweza kulishinda, kama kelele za soko zinavyofunika sauti ya mtu anayenong'ona. Kuna kuziba (chombo hakisikii kitu) na kuna kudanganya (chombo chasikia satelaiti za uongo). Kudanganya ni kubaya zaidi, sababu chombo chaonyesha mahali pasipo kweli bila kusitasita.

3. Namna ya kutambua.
a) Mlima hufunika upande mmoja wa mbingu. Satelaiti zote zikififia pamoja, tushuku kuziba.
b) Satelaiti ya 5 hukagua hesabu ya zile 4. Lakini uongo uliopangwa vizuri wapita mtihani huu.
c) Saa ikiruka ghafula, au mawimbi yote yakitoka upande mmoja, tushuku uongo.
d) Rubani alinganishe na dira, kipimo cha urefu, na mitambo ya radio ya chini.
e) Ndege nyingi hutangaza mahali zilipo na kiasi cha uhakika wake. Nyingi zikipoteza uhakika sehemu moja, walio chini huichora kwenye ramani.

Hatari nyingine: GPS ya uongo huweza kuamsha onyo la mlima usiokuwapo. Rubani akizoea kulidharau, siku ya mlima wa kweli atafanya nini?

Kwa kumaliza: shahidi mmoja hatoshi, hata akisema kwa uhakika.

Maswali
1. Wimbi hukimbia km 300 000 kwa sekunde. Latumia muda gani kutufikia kutoka km 20 000?
2. Kwa nini satelaiti ya 5 haitoshi kumfichua mdanganyifu?