Kitabu Kizima kwa Swali la Aya Mbili

Mwanafunzi aulizapo katika kundi la WhatsApp dhamira za Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, aghalabu haupiti muda ila jamaa mmoja, kwa nia njema isiyo na shaka, humpelekea kitabu kizima kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mpigaji kikionekana pembezoni na muhuri wa maktaba ya shule ukisomeka juu ya jalada. Naye muulizaji, ambaye haja yake ilikuwa maelezo ya aya mbili tatu, hushukuru, hukieneza kwa wengine, na swali lake hubaki bila ya jawabu.

Hisani hiyo imetolewa katika mali ya mtu mwingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayotumika Tanzania Bara, maandishi hulindwa tangu yaandikwapo, pasipo mwenyewe kulazimika kuyasajili popote, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kezilahabi alifariki mwaka 2020; basi riwaya yake, ijapokuwa ilitoka 1971 na nakala zake zimechakaa mikononi mwa wasomaji, ingali na wenyewe hadi 2070. Shaaban Robert alifariki 1962, na kwa hesabu iyo hiyo muda wa vitabu alivyovitoa uhai wake umekwisha. Lakini dibaji, sherehe au tarajama iliyotiwa na mtu mwingine katika chapa mpya ina haki yake mbali, na apigaye picha kitabu chote huchukua vyote pamoja.

Husemwa kwamba faili lilikutwa mtandaoni, kwamba halikuuzwa, kwamba jina la mtungaji limeachwa mahali pake. Aliyelipakia kwanza huenda naye hakuwa na haki. Kutouza si idhini. Na kutaja jina ni sharti la mwenye kunukuu, wala halisimami badala ya ruhusa.

Lililo halali, hata hivyo, ni pana kuliko wengi wadhanivyo. Sheria hailindi wazo, hulinda namna lilivyoelezwa; kwa hiyo aliyekisoma kitabu aweza kukifafanua kwa maneno yake, kunukuu kifungu kifupi akimtaja mtungaji, na kumwonyesha muulizaji ukurasa wa kuendelea nao, jambo ambalo kwa mwanafunzi lina faida kubwa kuliko faili lenye kurasa mia asizozifungua. Sheria za nchi na hukumu za mahakama hazina hakimiliki. Na mwandishi aliyetangaza juu ya kazi yake kwamba yaruhusiwa kuenezwa, afuatwe kwa masharti yake.

Atakaye idhini huanza kwa mchapishaji, ambaye anuani yake imo katika kurasa za mwanzo, zile ambazo wapiga picha huziruka. Asipompata, huuliza COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki Tanzania Bara, na kwa Zanzibar, yenye sheria yake ya 2003, COSOZA. Barua itaje jina la kitabu, kurasa zinazotakiwa, idadi ya wasomaji, na kama watatozwa chochote.