Jirani anamtesa mtoto: nikiripoti nitaitwa mbea?

SWALI: Jirani yetu hapa Temeke analea mtoto wa marehemu dada yake. Mtoto hulala nje akichelewa kuchota maji, na juzi nimemwona na alama za waya mgongoni. Mume wangu anasema tusiingilie ya watu. Nifanyeje?

JIBU: Mumeo anaogopa lawama za mtaani, na namwelewa. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kunyanyaswa au kunyimwa matunzo azifikishe serikali za mitaa. Ukiripoti, hujaingilia ya watu, dada.

Piga 116, namba ya simu ya msaada kwa mtoto, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Kwa zile alama usingoje: nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, wampe mtoto fomu ya PF3 akatibiwe, maana majeraha yakipona ushahidi hupungua.

Usimkabili jirani kwanza. Akijua, atakayelipia usiku huo ni mtoto, au kesho utasikia kapelekwa kijijini. Na mtoto mwenyewe usimhoji kama polisi. Akikueleza, msikilize, kisha andika maneno yake yalivyo, pamoja na tarehe. Usimwahidi kuwa utaficha siri.