Usingizi wa dawa ya kupe si nafuu

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka mitatu ana upele unaomkesha usiku kucha. Jirani yetu mfugaji alinipa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikachanganya kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji, nikampaka mwili mzima hadi kichwani. Usiku ule alilala fofofo, hakujikuna. Sasa upele umerudi. Je, nimpake tena pamoja na ndugu zake? Na ni kweli kwamba akinywa maziwa kwanza haitamdhuru? – Mama, Shinyanga

JIBU: Mama, usimpake tena, na ndugu zake usiwaguse nayo kabisa. Usingizi ule uliokupa moyo ndio unaonitia hofu. Dawa nyingi za kupe zina amitrazi, na amitrazi ikiingia mwilini mwa binadamu hupumbaza ubongo: mtu husinzia, mapigo ya moyo hupungua, presha hushuka, mwili hupoa na pumzi huwa chache. Mtoto wa namna hiyo hajikuni kwa sababu hana fahamu za kutosha kuhisi mwasho. Mzazi humtazama akasema dawa imemkubali, kumbe anatazama dalili za sumu. Na si kila chupa ina amitrazi. Nyingine zina sumu za jamii ya oganofosfati, ambazo hujionyesha kwa mate na jasho jingi, mboni za macho kusinyaa, misuli kutetemeka na kifua kubana.

Wengi hujitetea kwamba hawakumnywesha mtoto, walimpaka tu. Ngozi si bati la kuzuia mvua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1971 ulipima jinsi parathioni, mojawapo ya oganofosfati, inavyopenya ngozi ya binadamu. Ngozi ya kichwa iliipitisha karibu mara 4 ya ngozi ya mkono, na ya korodani zaidi ya mara 10. Ngozi iliyochubuliwa kwa kucha ina milango zaidi, na mtoto mdogo ana ngozi kubwa kulinganisha na uzito wake, hivyo kila kinachopenya humlemea kuliko mtu mzima.

Utetezi mwingine ni kwamba ng'ombe huoga dawa hiyo kila wiki na hafi. Tupige hesabu. Dawa ya amitrazi ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Kijiko cha chai ni mililita 5 na kikombe ni kama robo lita, kwa hiyo mchanganyiko wa kipimo chako ungekuwa mkali mara 10 kuliko ule anaonyunyiziwa ng'ombe wa kilo 300, nao umepakwa mtoto ambaye pengine hafikishi kilo 15. Hata kwa wanyama dawa hii ina mipaka: farasi haogeshwi kwa amitrazi, kwa kuwa huweza kusimamisha matumbo yake. Kama haimfai farasi, kuvumiliwa na ng'ombe si ushahidi kwamba itamfaa mtoto.

Mfugaji mwerevu ataniuliza mbona hospitalini tunatoa permethrini, ambayo ni jamii moja na baadhi ya dawa za kupe. Ni kweli, na swali ni la haki. Lakini krimu ya permethrini ya upele ni ya asilimia 5, imetengenezwa na kupimwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu. Dawa ya josho imeyeyushwa katika vimiminika vinavyofanana na mafuta ya taa, ambavyo pekee vinatosha kumuumiza mtoto. Jina kuwa la ukoo mmoja halifanyi chupa mbili kuwa kitu kimoja.

Kuhusu maziwa, hayakati sumu. Aliyepakwa hayamsaidii kwa lolote, na aliyemeza yanaweza kumtapisha, matapishi yakaingia mapafuni. Kwa sababu hiyohiyo usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Dawa ikimpata mtoto, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi huku umejikinga mikono. Akisinzia mlaze ubavu, kisha mkimbize hospitali na chupa ya dawa hiyo, ili mganga ajue ni sumu gani. Oganofosfati zina dawa ya kuzipinga, atropini. Amitrazi haina, lakini mgonjwa anayesaidiwa kupumua mapema kwa kawaida hupona. Kungoja aamke ni kumchezea roho. Usiku ule ulipaswa kuwa hospitalini, mama, na ninakueleza kwa ukali kwa sababu mzazi mwingine anayesoma hapa huenda ameshika chupa hiyo sasa hivi.

Upele wenyewe unatibika. Mwambie mganga ulichompaka, na umpeleke mtoto hospitali kesho asubuhi, wala si baada ya soko au mavuno. Huenda mkapewa permethrini au losheni ambayo wengi huijua kwa herufi BBE. Nyumba nzima itibiwe siku moja, nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata wadudu wa upele wakishakufa. Usikate tamaa katika wiki hizo ukarudi kwenye chupa ya jirani. Mrudishie leo.