Mizani na Watoto wa Sungura

Mtoto wa sungura huzaliwa macho yamefumba, hana manyoya, na uzito wake ni takriban gramu 40 hadi 60. Mama yake humnyonyesha mara moja tu kwa siku, tena kwa dakika chache. Hata hivyo, katika juma la kwanza uzito huo huongezeka maradufu. Ukuaji wa kasi hiyo haufuatiki kwa macho. Mfugaji anayewatazama kila siku hudhani wote wananenepa, na siku ya kuchinja ndipo hugundua kwamba baadhi yao walidumaa zamani.

Huko Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na Masasi chini yake, majani ya mbaazi, matembele na majani ya karanga hutoka mashambani. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi. Hakina budi kunyaushwa, na kukikausha juani ni bora zaidi. Shida kubwa ya Newala kwa miaka mingi imekuwa maji, kwa kuwa mvua huzama ardhini upesi na chemchemi ziko chini mabondeni. Sungura anayekula majani makavu huhitaji maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula hicho. Akikosa maji hupunguza kula, na mizani huonyesha upungufu huo kabla mbavu hazijaonekana.

Upimaji ufanywe siku ile ile ya kila juma, asubuhi, kabla ya kulisha, kwa maana tumbo lililojaa hudanganya. Kapu lipimwe kwanza likiwa tupu, na uzito wake utolewe. Wakiwa wangali wananyonya, watoto wa uzao mmoja wapimwe pamoja. Wakishaachishwa ziwa apimwe kila mmoja, naye atiwe alama ya wino sikioni.

Kipimo cha siku ya 21 kina maana ya pekee. Kabla ya hapo watoto hutegemea maziwa karibu peke yake. Kwa hiyo uzito wa uzao mzima siku hiyo ni kipimo cha maziwa ya mama. Majike ya kuendeleza kizazi yachaguliwe kwa hesabu hiyo, wala si kwa ukubwa wa umbo lao. Idadi ya watoto nayo iandikwe, kwani penye watoto tisa kila mmoja hupata kidogo.

Baada ya hapo kazi ni kugawanya tu. Mathalani, watoto sita wenye jumla ya gramu 2,700 siku ya 28 wana wastani wa gramu 450. Siku ya 56 wakifikia gramu 5,220, wastani ni 870: nyongeza ya gramu 420 kwa siku 28, yaani gramu 15 kwa siku. Kwa mwendo huo mtoto wa gramu 450 atahitaji siku 104 zaidi ili afike kilo 2. Kwa gramu 30 kwa siku, kasi inayowezekana kwa mbegu nzuri yenye lishe kamili, zingetosha siku 52. Tofauti ni siku 52 za kukata majani na kubeba maji, kwa kila sungura.

Kusita kidogo baada ya kuachishwa ziwa ni jambo la kawaida. Lakini mtoto asiyeongezeka kwa juma zima, tumbo limevimba na anahara, aelekea kuwa na koksidia, vijidudu vya utumbo vinavyoenea kwa kinyesi. Huyo atengwe mara moja. Sakafu ya fito zilizoachana kidogo, kinyesi kikapita na kuanguka chini, huzuia zaidi kuliko dawa itakayotafutwa baadaye.

Joto pia lina sehemu yake. Likizidi nyuzi 30 za Selsiasi, sungura hula kidogo, hivyo mstari wa uzito huweza kulala mnamo Oktoba na Novemba, kabla ya mvua. Mabanda yakiwa chini ya kivuli cha mkorosho, na majani yakitolewa jioni, mnyama atakula usiku.