Kuketi na Kutazama: Kuchora Mji Kama Shule ya Sala



Somo la kutafakari: Marko 12:41–44 na 13:1–2

Wapendwa vijana, leo tuongelee kuchora mitaa na majengo ya mji ukiwa palepale barabarani, kwa daftari na kalamu tu. Wapo wanaofanya hivi duniani kote. Mwaka 2007 mwandishi wa habari Gabriel Campanario, Mhispania aliyekuwa akiishi Seattle, Marekani, alianzisha mtandao wa wachoraji hao uitwao Urban Sketchers. Kanuni yao kuu: chora unachokiona mwenyewe mahali ulipo.

Utauliza, si upige tu picha kwa simu uendelee na safari? Unaweza. Ila simu inaona kwa niaba yako.

1. Kujua jina la kitu si kukiona

Chukua Kanisa Kuu la Mt. Yosefu, Dar es Salaam, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kati ya 1897 na 1902, likitazama bandari. Wengi tunajua "lina mnara". Sawa, hebu lichore. Mnara unazidi ukuta mara ngapi? Tao la dirisha linaishia na ncha au ni duara? Hapo unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unapima kwa penseli. Mara nyingi kipimo kinakataa kile ambacho kichwa kilikuwa na uhakika nacho.

Mt. Toma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kuwa maarifa yetu yanaanzia kwenye milango ya fahamu. Sisi tunapenda kuanzia kwenye majina: "yule mlevi", "yule wa kwaya", "yule machinga". Tukishataja jina, tunaacha kutazama.

2. Unapoketi, upeo wako unashuka

Wachoraji wana kanuni hii: mstari wa upeo uko daima kwenye kimo cha macho yako. Ukisimama, unapanda, ukiketi, unashuka nawe. Sasa angalia. Ukikaa kwenye kigoda mahali tambarare, macho ya kila aliyekaa kwa kimo chako yanaangukia kwenye mstari huohuo, awe karibu au mbali. Mama lishe wa ng'ambo ya barabara, ambaye ukisimama unamwona kwa chini, sasa mnatazamana sawasawa.

Hakuna kilichobadilika mtaani. Ni wewe uliyeshuka. Je, Mwana wa Mungu hakufanya hivyo kwetu? (Taz. Wafilipi 2:6–8.)

3. Nani unamwacha nje ya karatasi?

Marko anasema Yesu aliketi kulielekea sanduku la hazina, akatazama watu wakitoa. Aliketi! Ndipo akamwona mjane na sarafu zake mbili, akawaita wanafunzi waje wamwone. Halafu, wakitoka tu hekaluni, mwanafunzi mmoja anamwonyesha Yesu ukubwa wa mawe na majengo. Ametoka kuonyeshwa mjane, lakini bado macho yapo kwenye kuta!

Majengo mazuri si dhambi. Wazee wetu waliyajenga kwa imani. Ila anayechora kanisa hukutana na kishawishi: kuondoa mwavuli wa muuza matunda na mkokoteni wa maji ili picha ipendeze. Ni mstari tu usioupiga, na mtu ametoweka. Tunafanya hivyohivyo kwenye vikundi vyetu vya vijana, tukipanga hija ambayo asiye na nauli hata hatuulizi yuko wapi.

Zoezi la wiki

- Tafuta kivuli, keti dakika 20 mbele ya jengo moja. Karibu na bandari au ofisi za serikali, omba ruhusa kwanza.
- Tumia kalamu, usitumie kifutio. Anza na maumbo makubwa. Vivuli viweke mapema, maana jua halikusubiri.
- Mweke angalau mtu mmoja. Sura si lazima. Inatosha namna alivyokaa au alivyoinama.
- Ukimaliza, nenda umsalimie: "Shikamoo, mama." Mwonyeshe mchoro. Muulize jina lake, kisha msalie Salamu Maria moja kwa jina hilo.

Mchoro ukitoka umepinda, usijali. Mjane naye alitoa senti mbili tu.

Tuombe: Ee Yesu, uliyeketi na kutazama, tuondolee haraka ya macho. Tufundishe kumwona yule tunayempita kila siku. Amina.