Jinsi ya Kuwa Mwandishi wa Matangazo: Mafunzo ya Raba Tano za Kikapu

Ukitaka kuwa mwandishi wa matangazo na hujui uanzie wapi, anza na raba za mpira wa kikapu. Mimi ndiko nilikoanzia, hapa Sombetini, Arusha, na sijaona bidhaa nyingine iliyoandikiwa matangazo yenye nguvu kama hizo. Ukiivua majina yote, raba ni turubai au ngozi, mpira na gundi. Kinachomfanya chalii wa Arusha ajibane mwezi mzima ili ainunue ni hadithi iliyoshonwa pamoja nayo. Kazi yetu ni kushona hadithi hiyo, na uzi wetu ni ukweli ambao mteja anaweza kuuhakikisha mwenyewe.

Mapenzi yangu kwa kikapu yalianza shule ya msingi. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, alichaguliwa wa pili katika mchujo wa wachezaji wapya wa NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Shuleni kwetu ghafla kila mtoto mrefu akawa mtu wa kuheshimiwa. Hata waliokuwa wakikaa nyuma kwa sababu wanaziba ubao waliulizwa wanacheza nafasi gani. Wenzangu walihesabu pointi. Mimi nilitazama miguu ya wachezaji, nikitaka kujua kila raba imetoka wapi na nani aliisemea hadi ikajulikana.

Baada ya shule nilianza kwa kuandika maelezo ya picha za muuza mitumba wa Mbauda. Ukafuata mgahawa, fundi viatu, seremala, halafu kampuni za utalii. Kila hatua ilikuwa na raba yake.

Converse All Star: fundisha kabla ya kuuza

All Star ilitoka mwaka 1917, na mwanzoni haikuwa na jina la mtu. Chuck Taylor, mchezaji aliyegeuka muuzaji, aliingia Converse mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alizunguka miji ya Marekani akifundisha vijana kucheza kikapu, na viatu vikauzika kwa sababu mwalimu ndiye aliyekuwa amevivaa. Katika miaka ya 1930 jina lake likawekwa kwenye nembo ya kifundoni, na lipo mpaka leo.

Nilimwambia muuza mitumba wangu, "Kaka, wiki hii tusitaje bei kwanza. Tuwafundishe watu kuosha raba." Akaniangalia kwa huruma. "Mdogo wangu, mimi nauza raba, sina shule ya kufua." Lakini akakubali. Nikaandika kwa ajili ya stetasi yake ya WhatsApp: toa kamba na soli ya ndani, tumia brashi laini na sabuni kidogo, jaza karatasi ndani ili kiatu kisipoteze umbo, anika kivulini kwa sababu jua kali hulegeza gundi na kufanya nyeupe igeuke manjano. Watu wakaanza kutumiana. Waliokuja kuuliza habari za kuosha waliondoka na raba za kuosha.

Fanya hivi: kwa kila mteja, tafuta jambo moja analolijua kuliko wanunuzi wake, kisha uligawe bure.

Air Force 1: kaa na muuzaji

Nike iliitoa Air Force 1 mwaka 1982, kazi ya mbunifu Bruce Kilgore, ikapewa jina la ndege ya Rais wa Marekani. Miaka michache baadaye kampuni ilikuwa tayari kuiacha. Walioiokoa ni wenye maduka ya viatu wa Baltimore. Wao walisimama na wanunuzi kila siku, wakajua kiatu kile bado kinaulizwa, wakaishawishi Nike iwaletee kwa rangi mpya.

Kwa hiyo usiandike ukiwa umejifungia chumbani. Nenda belo linapofunguliwa, kaa pembeni, sikiliza. Mimi nilidhani wateja wa Mbauda wangeuliza kwanza kama raba ni OG au feki. Wengi waliuliza namba, halafu wakauliza, "Zinaoshwa?" Mtu anayeishi na vumbi la Sombetini wakati wa kiangazi na tope lake wakati wa masika ana haki ya kuuliza hivyo. Tangazo likajiandika: "Nyeupe. Namba 42. Zinaoshwa." Maneno matatu na namba, na kila moja ni jibu la swali lililokwisha kuulizwa.

Air Jordan 1: tazama kikwazo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi wa kazi hii hupotea. Air Jordan ya kwanza iliingia madukani mwaka 1985 kwa dola 65. NBA ilikuwa imekataa raba nyeusi na nyekundu za Michael Jordan kwa sababu hazikufuata kanuni ya rangi za timu. Nike ikatengeneza tangazo: Jordan anadundisha mpira, kamera inashuka taratibu hadi miguuni, na raba zinafunikwa kwa mistari myeusi kama kitu kilichopigwa marufuku. Katazo likawa sababu ya kununua.

Ni wazo kubwa, na nalipenda. Lakini wanaofuatilia historia ya raba wameonyesha kwamba kiatu kilichozua ugomvi huenda kilikuwa kingine cha Nike, Air Ship, kabla Air Jordan haijafika uwanjani. Mimi nachukua mbinu, naacha kuongeza chumvi. Kikwazo kiwe cha kweli, na kiwe cha bidhaa hiyo hiyo unayoiuza.

Mama mmoja mwenye mgahawa alinipa kazi. "Shikamoo mama, tuandike nini?"

"Marahaba mwanangu. Andika chakula ni kitamu."

"Mama, kila mgahawa umeandika hivyo."

Akafikiri. "Basi andika kitamu sana."

Nikarudi asubuhi kuangalia anavyouza. Kikwazo chake kilikuwa mtori: saa nne sufuria lilikuwa tupu, na waliochelewa walinung'unika. Tukaandika ubaoni: "Mtori unaisha saa nne." Hatukuweka sifa yoyote. Anayesoma anamalizia mwenyewe, na asiyeamini anaweza kuja saa tano akathibitisha. Mama aliongeza sufuria la pili, kisha akaniita kwa haraka tubadilishe saa kwenye ubao, maana sasa ulikuwa unaisha saa tano na yeye hataki kusema uongo. Tangu siku hiyo ndiye ninayemtolea mfano nikieleza uadilifu wa kazi hii.

Air Jordan 3: tafuta shahidi

Raba ya tatu ya Jordan, ya mwaka 1988, ilibuniwa na Tinker Hatfield, aliyesomea usanifu wa majengo. Aliacha dirisha kisiginoni ili mfuko wa hewa uonekane. Tangazo lake lina somo letu. Jim Riswold, mwandishi wa matangazo katika wakala wa Wieden+Kennedy, alivutiwa na Mars Blackmon, mhusika wa filamu ya Spike Lee ya mwaka 1986, kijana anayezipenda Jordan zake kiasi kwamba hata kitandani hazivui. Hakuhitaji kubuni mpenzi wa raba. Alimkuta tayari anapenda, akamweka mbele ya kamera pamoja na Jordan mwenyewe.

Kila biashara ina Mars wake. Kwa fundi viatu wa mtaani kwetu alikuwa dereva wa bodaboda aliyerudi kila masika na raba zile zile. Nilimwomba ruhusa, tukazipiga picha mguuni pake, na juu yake tukaandika: "Masika ya tatu, raba zile zile." Fundi akataka tuongeze orodha ya huduma zake zote. Nikamwomba aiache picha iseme kwanza. Siku chache baadaye watu walikuwa wanamletea mabegi na mipira ya watoto, kwa imani kwamba anayeweza kuokoa raba zile anaweza kuokoa chochote.

Reebok Pump: onyesha kwa kitendo

Somo hili ni fupi. Pump ilitoka mwaka 1989, raba unayoipuliza kwa kubonyeza ulimi wake. Mwaka 1991, katika shindano la NBA la kudumbukiza mpira kwa kishindo, Dee Brown wa Boston Celtics aliinama mbele ya watazamaji akabonyeza raba zake, kisha akaruka. Mwishoni akadumbukiza mpira huku amejifunika macho kwa mkono, akashinda. Bila neno hata moja, kila mtu alielewa kiatu kinafanya nini.

Seremala wangu alitaka niandike kwamba vitanda vyake ni imara. Nikamwomba apande juu. Akapanda, akamwita mkewe, watoto wakafuata mbio, na bibi akakataa kuachwa chini. Picha hiyo ilipata maneno manne: "Kitanda kimoja, ukoo mzima."

Kiatu cha sita, cha mlimani

Hiki si cha kikapu, lakini kila mwandishi wa Afrika Mashariki akijue. Mwaka 1989 Nike ilitangaza viatu vya kutembelea milimani kwa filamu iliyopigwa Kenya. Msamburu mmoja anazungumza Kimaa, na chini ya picha inatokea kaulimbiu maarufu ya kampuni kana kwamba ndiyo tafsiri ya maneno yake. Lee Cronk, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Kenya, alieleza alichosema hasa: hataki hivi, apewe vikubwa. Watengenezaji walidhani hakuna atakayeelewa.

Arusha wapo watu wanaoelewa. Wamaasai na Waarusha ni majirani zetu, wateja wetu na wanafunzi wenzetu. Nilipoanza kuandikia kampuni za utalii, nilijiwekea sharti: mtu akionekana kwenye tangazo, aulizwe jina lake na anachotaka kusema, na maneno yake yabaki yake. Mzee mmoja niliyemuuliza alijibu kwamba wageni waambiwe Meru ina baridi, waje na sweta. Tukaliandika hivyo hivyo. Wageni wakaja na sweta, na waongozaji wa mlima wakanishukuru.

Malipo

Kubaliana kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: kazi ni nini, marekebisho ni mangapi, pesa ni kiasi gani. Pokea nusu kabla ya kuanza. Mteja mdogo asiye na pesa mtengenezee kazi ndogo inayolingana na uwezo wake, kuliko kazi kubwa ya bure ambayo hata yeye hataithamini. Tunza nakala ya kila tangazo pamoja na matokeo yake. Hicho ndicho cheti chako. Kazi zikishakuwa za kudumu, chukua namba ya mlipakodi, maana kampuni kubwa zitakuomba.

Zoezi la kuanzia

Chagua biashara moja unayoweza kuifikia kwa miguu. Kaa hapo kuanzia inapofunguliwa. Andika maswali wanayouliza wanunuzi, kitu kinachoisha mapema, na mtu anayerudi kila mara. Rudi nyumbani, andika sentensi kumi zisizo na neno "bora", "kitamu" wala "imara". Kesho msomee mwenye biashara zote kumi kwa sauti. Atazicheka baadhi, nyingine atazipinga. Ile atakayosema, "Hii ni kweli kabisa," ndiyo ya kubandika ukutani.